TAHARIRI: Tembe ya matende haikuwa na chama

Kama umekulia Lamu, ama una jamaa zako Faza, Siyu au Kizingitini, huenda ulikuwepo siku wahudumu wa afya wa kujitolea walipobisha hodi na mfuko wa tembe na fimbo ya kupimia urefu. Unasimama wima, unapimwa, unahesabiwa tembe kulingana na kimo chako, unaletewa maji, unameza wakikutazama. Wanaandika kwenye daftari, wanahamia nyumba ya pili. Hakuna aliyekuuliza wewe ni wa upande gani.

Tembe hizo zilikuwa za matende na mshipa. Maradhi haya huletwa na minyoo midogo inayobebwa na mbu, na Pwani yetu imeyajua kwa vizazi. Mtu hukaa na minyoo hiyo miaka mingi bila kuhisi lolote, kisha siku moja mguu unaanza kufura na haurudi. Ama ni mwanamume anayeacha kwenda baharini, haambii mtu kwa nini, na mtaa mzima unajua. Kwa muda mrefu serikali ilikuwa ikigawa dawa mbili, DEC na albendazoli. Mwaka 2018 sehemu za Lamu, pamoja na Jomvu kule Mombasa, zikawa miongoni mwa za kwanza nchini kuongezewa ya tatu. Dawa hiyo ya tatu inaitwa ivamektini.

Shika jina hilo. Manake miaka miwili tu baadaye simu yako ilianza kulitaja usiku na mchana, na halikutajwa pamoja na matende hata mara moja.

Unazikumbuka zile sauti za WhatsApp. Mtu hajitaji jina, mara ni daktari wa Afrika Kusini, mara ni profesa wa India, anakwambia dawa ya korona ipo, ni bei ya chini, na wakubwa wameificha ili wauze chanjo. Ukifungua kundi jingine unakuta kinyume chake: picha ya ng'ombe, kicheko, na maneno kwamba wajinga sasa wanameza dawa ya mifugo. Makundi yote mawili yalikuwa na uhakika. Ni watu wachache mno waliouliza swali ambalo mhudumu wa Faza angelijibu akiwa amesimama mlangoni: hii dawa ni ya ugonjwa gani, kipimo kipi, na nani asipewe?

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Kujaribu dawa ya zamani kwa ugonjwa mpya si kosa, na madaktari hufanya hivyo siku zote. Aspirini ilianza kama dawa ya maumivu, leo mgonjwa wa moyo huimeza kwa sababu nyingine kabisa. Kosa lilikuwa kuacha wanasiasa na mashabiki wao waamue matokeo kabla ya kipimo kumalizika. Na gharama ya kosa hilo haikubaki Washington. Ilivuka bahari ikafika mpaka visiwani, kwa watu wanaoihitaji tembe hiyo hiyo kwa kazi yake halali.

Ivamektini hata haikuwa ya kwanza. Machi 2020 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisimama mbele ya waandishi wa habari akaisifu haidroksiklorokwini. Hii ni ndugu ya klorokwini, ile ambayo mzazi wako akiisikia hujikuna mkono, kwani wengi walioimeza zamani walikesha kwa mwasho. Kenya iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, vimelea vilipokuwa vimeshaizoea. Ile ya haidroksi bado ina kazi yake: wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi wanaitegemea. Mei mwaka huo Trump akasema yeye mwenyewe anaimeza. Kuanzia hapo ikawa kama fulana na leso za kampeni. Aliyempenda Trump akaipenda dawa, aliyemchukia akaomba ishindwe. Hebu fikiri hapo kidogo. Watu wazima, wenye elimu zao, wanaomba dawa ishindwe kuponya wagonjwa.

Na upande uliojiita wa sayansi nao uliteleza, tusifiche. Mei 22, 2020 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliodai kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) likasimamisha majaribio yake kwa muda. Juni 4 utafiti ukafutwa, kwa sababu kampuni ya Surgisphere iliyodai kuwa na data za wagonjwa haikuzitoa zikaguliwe na watu huru. Unaona vile ilivyokuwa rahisi kwa mtu wa WhatsApp kusema, "Si niliwaambia?"

Lakini kesho yake, Juni 5, kukaja jibu la kweli, na halikutoka kwa mwanasiasa yeyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wakiendesha jaribio kubwa la RECOVERY katika hospitali za Uingereza. Nani apewe dawa na nani asipewe iliamuliwa kwa bahati nasibu, si kwa mapenzi ya daktari. Walipohesabu waliokufa pande zote mbili, haidroksiklorokwini haikuwa imeokoa watu. Jibu fupi, la kuchosha, halina shujaa.

Siku 11 baadaye jaribio hilo hilo likatangaza jambo jingine ambalo tunaamini kila kijana angepaswa kulijua kuliko majina yote ya wanasiasa wa korona. Deksamethasoni, dawa ya zamani ya bei ya chini, inayotumika kwa mzio na uvimbe, ilipunguza vifo kwa karibu thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa karibu moja kwa tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Hiyo nayo ilikuwa dawa iliyotolewa kwenye kazi yake ya kawaida ikapewa kazi mpya. Njia ni ile ile. Uliona nani amevaa fulana ya deksamethasoni? Nani aliitungia nyimbo? Hakuna, na labda ndiyo maana ilipimwa kwa utulivu. Tena sikiliza mwisho wake: kwa mgonjwa ambaye hakuhitaji oksijeni haikusaidia, na huenda ikamdhuru. Yaani hata dawa iliyoshinda, ukiimeza kitandani kwako Langoni kwa sababu umekohoa, umekosea.

Huku kwetu nako hatukukosa watu wa kutupotosha. Kuna aliyeweka chupa za Hennessy ndani ya mfuko wa msaada, Gavana wa Nairobi wakati huo, Mike Sonko, akisema ni za kusafisha koo. Tulicheka, tukatengeneza vichekesho, tukasahau. Mengine hayakuwa ya kucheka.

Machi 2021, siku zile dozi za kwanza za AstraZeneca, milioni moja na ushei, zilipotua Nairobi, Dkt Stephen Karanja alijitokeza kuzipinga. Huyu hakuwa mtu wa mitandaoni tu. Alikuwa daktari wa akina mama na mwenyekiti wa Chama cha Madaktari Wakatoliki Kenya. Alisema chanjo haihitajiki kwa sababu zipo dawa za zamani zilizopewa kazi mpya na zinatibu, akahimiza kujifukiza na tembe za haidroksiklorokwini. Maaskofu wa kanisa lake hawakukubaliana naye, walisema chanjo yafaa. Aprili 29, 2021 alifariki kwa Covid-19. Hatumtaji ili tumcheke marehemu. Tunamtaja kwa sababu aliamini alichosema mpaka mwisho, na hilo linapaswa kututisha zaidi kuliko uongo. Daktari mkweli, mwenye uzoefu wa miaka mingi, bado anaweza kukosea asipongoja kipimo. Sembuse mjomba wako wa kundi la familia?

Na sisi wa Pwani tuna sikio la pili, Tanzania. Jamaa zetu wako Tanga, wako Unguja, redio zao twazisikia. Mei 2020 serikali ya Rais John Magufuli ilituma ndege Madagascar kuchukua Covid-Organics, kinywaji cha mmea wa artemisia alichokizindua Rais Andry Rajoelina mwezi mmoja kabla. Januari 2021, akiwa Chato, Magufuli aliwatia wananchi shaka juu ya chanjo. Februari, waziri wake wa afya, Dorothy Gwajima, alisimama mbele ya kamera akionyesha jinsi ya kusaga kinywaji cha tangawizi, vitunguu na ndimu. Februari 17 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kuwa ana korona. Machi 17 akafariki Magufuli mwenyewe. Serikali ilisema ni maradhi ya moyo. Kufika Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akichanjwa hadharani.

Hapa tuseme jambo, tusije tukaeleweka vibaya. Nyanya yako anayekufukiza kwa mwarobaini ukiwa na mafua hana hatia. Yeye hajawahi kukwambia usiende hospitali, na ukizidiwa ndiye wa kwanza kuita boti. Tatizo ni pale kiongozi anapoichukua nyungu ya nyanya akaifanya sera ya taifa, ili asiulizwe oksijeni iko wapi.

Turudi kwa ivamektini. Habari yake ilianza vizuri tu. Aprili 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walionyesha kuwa inazuia kirusi cha korona ndani ya seli za maabara. Kilichopotea njiani ni kwamba kiasi walichotumia kilizidi mno kile ambacho mwili wa mtu hupata kwa kipimo cha kawaida. Ukatokea utafiti mmoja kutoka Misri ulioonyesha maajabu, watu wakaushika kama hirizi. Julai 2021 ukaondolewa kwa mashaka juu ya data zake. WHO ilikuwa imeshasema Machi mwaka huo kwamba dawa itumike ndani ya majaribio tu. Hata Merck, kampuni iliyoitengeneza, ilisema Februari 2021 kuwa haikuona ushahidi kwamba inatibu korona.

Utasema: kampuni hiyo si ilikuwa ikitengeneza dawa yake mpya ya kuuza? Kweli, ilikuwa. Swali lako ni zuri na waliouliza walikuwa na haki. Ndiyo maana hatutaki uiamini kampuni, wala umwamini adui wa kampuni. Angalia jaribio la TOGETHER lililofanywa Brazil, nchi ambayo rais wake Jair Bolsonaro alikuwa akizipigia debe dawa hizi. Wagonjwa zaidi ya 1,300, wengine wakapewa ivamektini, wengine tembe isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa 2022: haikupunguza kulazwa hospitalini.

Kuna kipande kingine kinachotuhusu sisi wa nchi zenye minyoo. Mwaka huo huo mtafiti Avi Bitterman alitazama upya majaribio yaliyoonyesha ivamektini inaokoa. Akakuta nafuu ilijitokeza zaidi katika maeneo yenye aina fulani ya mnyoo wa tumbo. Maelezo yanayowezekana ni kwamba dawa ilikuwa ikifanya kazi yake ya siku zote, kuua minyoo, hasa kwa wagonjwa ambao deksamethasoni ingewaachia minyoo hiyo ikatamba mwilini.

Sasa tuje kwa wale wa picha ya ng'ombe, maana nao wana lao la kujibu. Ni kweli ivamektini hutumika kwa mifugo, na Lamu, mji wa punda, hilo halimshangazi mtu. Ni kweli pia kwamba dawa ya sindano ya ng'ombe si ya kunywewa na binadamu: nguvu yake na kipimo chake vimepangwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Lakini tembe aliyomeza shangazi yako kule Pate haikuwa dawa ya ng'ombe. Ni dawa ya watu, imetumika kwa mamilioni dhidi ya upofu wa mtoni na matende, na waliogundua asili yake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. (Mwenzao wa tuzo hiyo mwaka huo alikuwa Tu Youyou, aliyetoa kwenye artemisia dawa ya malaria. Ndiyo, artemisia ile ile ya Madagascar. Mmea una kazi yake, na kazi hiyo ilipimwa.)

Agosti 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliandika mtandaoni kuwakumbusha watu kuwa wao si farasi wala ng'ombe. Dunia ilicheka, nasi tukasambaza. Madaktari waliishtaki, na Machi 2024 mamlaka hiyo ikakubali kuyaondoa maandishi hayo. Kicheko kilikuwa kimeshafika kote. Hakikuja na maelezo ya chini yanayosema, "isipokuwa wewe wa Lamu, endelea kumeza yako ya matende."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Dawa ya matende haifanyi kazi kwa mtu mmoja mmoja. Inataka kijiji kizima kimeze pamoja, mgonjwa na mzima, ili mbu akiuma asipate mnyoo wa kubeba. Nyumba nyingi zikikataa, ugonjwa unabaki. Na nyumba hukataa kwa sababu ya neno moja tu lililosikika barazani. Kijana aliyesoma Mombasa ama Nairobi akirudi likizoni akasema, "Hiyo? Hiyo si ile ya ng'ombe?" ameharibu kazi ya wiki nzima ya mhudumu anayetembea juani bila mshahara wa maana. Na mwenzake akisema, "Meza mbili zaidi uweke akiba ya korona," ameharibu vilevile. Wote wawili walipata maneno yao kwenye simu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akizungumzia matende.

Serikali nayo haitoki hapa mikono mitupu. Kila alasiri mwaka 2020 tulipewa idadi ya walioambukizwa na karipio juu ya tabia zetu. Mara ngapi tulielezwa, kwa Kiswahili cha kueleweka, dawa inapimwaje na kwa nini leo inaitwa nzuri na kesho inaachwa? Mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta alizitaka kaunti ziwe na vitanda 300 kila moja vya kuwatenga wagonjwa. Agosti ikaja sakata la KEMSA na ununuzi wa vifaa vya korona. Halafu watu waambiwe, tuaminini. Kwa mkazi wa Kiunga, anayesubiri maji na mafuta ya boti ili afike Hospitali ya King Fahd, ama wa Wodi ya Basuba ambako zahanati zilifungwa miaka kwa hofu ya al-Shabaab, tembe ya kununua kemisti haikuwa ujinga. Ndiyo iliyokuwa karibu. Mtu asiye na hospitali hujitafutia, na anayemkejeli kwa hilo angempelekea daktari kwanza.

Kwa hivyo tunaiomba Wizara ya Afya na Kaunti ya Lamu jambo dogo. Kabla ya kampeni nyingine ya kumeza dawa, tumeni sauti zenu kwenye WhatsApp, kwa Kiamu, Kipate na Kitikuu, mtu ajitaje jina na kazi yake, aseme dawa hii ni ya nini na si ya nini. Semeni waziwazi kwamba ivamektini ilijaribiwa kwa korona na ikashindwa, na kwamba kwa matende inafaa. Msiogope kuyataja yote mawili kwa pumzi moja. Watu si watoto.

Na wewe msomaji, tunakuomba zaidi kidogo, kwa sababu ndiye unayeulizwa nyumbani. Mama akikuletea simu na kusema, "Hebu nisikizie hii, mwanangu, ni kweli?" usimjibu kwa kumwambia aliyeituma ni wa chama gani. Mwulize yeye na ujiulize wewe: ilipimwa kwa watu ama kwa seli? Kulikuwa na kundi ambalo halikupewa? Waliohesabiwa ni wangapi, na utafiti bado upo ama uliondolewa? Hujui? Sema hujui, mpigie mtu wa zahanati.

Wakija tena na fimbo yao, mwambie mhudumu kama una mimba ama unaumwa sana, na watoto wadogo wasiofika alama ya kwanza waachwe. Ukihisi homa au kichwa usiku wake, mara nyingi ni minyoo inayokufa. Ikizidi, rudi kituoni. Waliobaki wasimame wima wapimwe.